Mbuzi Mwenye Jicho Moja

Biira,

Kaa chini ndipo usome. Ukisoma umesimama utaruka mistari, nakujua. Ndivyo unavyochambua maharage pia, juu juu, halafu watu wanavunja meno.

Wewe uko kwa jirani unasukwa nywele za kesho. Mimi nimekaa nje, mgongo ukutani, chini kabisa ya ile kamera, kando ya kuku mwekundu anayeatamia. Mahali hapa nimepachagua, na sababu utaiona mbele. Mwandiko ni mbaya, usicheke. Nilisoma madarasa mawili kwa masista ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, na herufi walizonipa zilikuwa za Kiswahili. Lhukonzo, lugha yetu, ni ya mdomo wangu, si ya kalamu. Wewe una cheti, na pamoja na cheti hicho kesho unakwenda kuolewa na mwanamume anayekutazama kwenye simu kama mtu anayetazama mpira.

Habari za kupika sikuandikii. Kama mpaka leo hujui kusonga ugali wa bundu bila madonge, acha Kambale ale madonge, alichagua mwenyewe. Habari za kuamka mapema na kuheshimu wakwe utaambiwa na kila mwanamke atakayepanda gari kesho, na nusu yao wanalala mpaka jua liko utosini.

Nataka kukujibu neno lako la Jumapili. Uliniambia mimi bibi yako mbele ya wageni, "Mukaka, mtu hawezi kukutazama hivyo kama hakupendi." Nikakuita mjinga. Bado wewe ni mjinga. Ila siku ile nilikuwa na hasira tu, na hasira haielezi kitu. Leo nina maneno.

Unakumbuka siku ya utambulisho. Kambale alitoka Kasese, wazee wake wakatoka Butembo, mbuzi wakashuka kwenye lori wakilia kama watoto wa ubatizo. Mbuzi wa baba yako, baba huyo aliyevuka kwenda Beni na kusahau njia ya kurudi. Mbuzi wa mjomba wako Masereka, ndugu wa marehemu mama yako. Nikatafuta mbuzi wa bibi, kwa sababu mimi ndiye niliyekulea tangu meno ya kwanza. Hayupo. Kambale akatoa boksi.

"Mukaka, mbuzi yako iko hapa."

"Mbuzi gani anakaa kwenye karatasi?"

"Iko kamera. Inalinda nyumba, inalinda kahawa. Haikulake majani, haikufake."

Masereka akasema mila inataka mbuzi mwenye kwato. Wazee wetu wakaguna. Mimi nikawanyamazisha wote. Kwa nini? Kwa majivuno, mwanangu. Kwenye kilima chetu hapa Bwera hakuna mtu aliyekuwa na kitu hicho, kilikuwa kwenye benki na kituo cha mafuta tu. Nilitaka wale wanawake wa kanisani wapite hapa wainue shingo. Hilo ndilo kosa langu, na ni la kijinga kuliko lako, maana wewe unao ujana wa kusingizia.

Fundi wake akaipachika hapa chini ya paa, akaweka ndani kile kisanduku cha mtandao chenye vitaa. Kambale akanieleza sifa zake, kama mchuuzi anayefungua midomo ya mbuzi mnadani ili uone meno. Inageuza shingo kulia na kushoto, yeye akigusa simu kwa kidole tu. Inaona gizani. Inasikia. Inasema, sauti yake akiwa Kasese inatoka hapa ukutani. Kitu kikisogea, simu yake inalia. Inachokiona inakihifadhi kwenye kadi ndogo kama ukucha, na kadi ikijaa inakula siku za zamani ili kupisha mpya. Mtu akiichomoa, simu inamwambia imepofushwa.

"Na simu ya kuonea nitapata lini?" nikamwuliza.

"Simu iko yangu, Mukaka. Wewe unaonaka na macho."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hapo ndipo nilipouzwa, huku nacheka.

Wiki za kwanza nilijisikia kama mke wa mkuu wa wilaya. Watoto wanaoiba mapera niliwapigia kelele, "Kambale anawaona huko Kasese!" wakakimbia mpaka wakaangusha mapera yenyewe. Halafu alasiri moja nimekaa uani naosha miguu, nguo nimeikunja mpaka mapajani, nikasikia ukuta unasema, "Wasibire, Mukaka." Mkwe ananisalimia mapajani! Kwetu mkwe akikutana na wewe njiani anaingia majanini mpaka upite. Nilirusha maji ya beseni juu, yakanirudia usoni. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Nilikuacha ucheke. Ndiyo mara ya mwisho tulipocheka juu ya kitu hicho.

Kisha ikaja simu ya shati la manjano. Nilikuwa napepeta mtama, Kambale akapiga.

"Mukaka, iko kijana ya shati ya manjano. Amekaa na Biira mlangoni, wamecheka. Walicheka nini?"

Sikumwambia, "Kawaulize wenyewe." Sikumwambia, "Nani amekufanya wewe askari wa mlango wangu?" Nilichukua fimbo. Ulianza kusema, "Mukaka, ni Thembo wa kwaya, amerudisha ungo." Nikapiga. Ungo ulikuwa palepale miguuni pako, nikapiga nikiuona. Na nilipokuwa napiga nilisikia kamera inageuza shingo, sauti ndogo kama mbu, ili aone vizuri.

Msamaha sikuombi. Nimekupiga mara nyingi, na zile nyingine ulistahili. Lakini zile nilipiga kwa macho yangu. Siku ile fimbo ilikuwa yangu na jicho lilikuwa la mtu mwingine. Nilikuwa mkono wake. Mimi, Masika, ambaye hata chifu hajawahi kunituma.

Halafu kahawa. Unajua jinsi tulivyoichuma, ile ya mteremko wa juu, na vidole vyako vikapasuka. Tukaianika uani kwenye turubai. Asubuhi hakuna kahawa, hakuna turubai. Wewe ukalia. Mimi nilipiga makofi! Nikasema, "Wezi wamekwisha, mbuzi wangu amewaona!" Nikampigia Kambale, hakushika. Nikavaa gomesi ya kanisa, nikapanda gari mpaka Kasese, nikaingia dukani kwake katikati ya vitenge na mafuta ya nywele.

Sikukusimulia vizuri yaliyotokea, kwa sababu ya aibu. Sikia sasa.

Alinikalisha, akaniletea soda, akafungua simu. Nikaona ua wetu. Nikaona nguo zako kwenye kamba. Na mlango wa chumba chako umezungushiwa mraba mwekundu, kama wanavyozungushia kosa kwenye daftari la shule.

"Hii ni nini?"

"Hii iko zoni, Mukaka. Kitu ikipita ndani ya hii mraba, simu inalia, kamera inaweka picha. Nje ya mraba, inanyamaza."

"Na kahawa?"

"Kahawa iko nje."

"Na lango?"

"Iko nje."

"Na mimi?"

Akanitazama kwa heshima, Biira. Kwa heshima kabisa. "Mama, wewe pia uko nje."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema mwanzoni aliacha ione kila kitu, lakini ilimsumbua. Kuku akipita, simu inalia. Nguo ikipepea, simu inalia. Mbuzi ndio wabaya kabisa, hawatulii. "Nikatoa yote. Nikaacha yenye iko na maana." Kisha, ili nisikasirike, akanionyesha jinsi anavyoigeuza kwa kidole. Ua ukasogea, mlango wako ukaondoka, ukaja ukuta wa choo. Lakini ule mraba haukwenda na mlango. Ulibaki katikati ya kioo, umeshika ukuta wa choo. Jambo hilo nililiweka akilini. Mtu mwingine angelisahau, mimi sisahau.

"Na nani mwingine anaona?" nikauliza.

"Mama yangu, Butembo. Na kaka. Familia tu."

Familia tu. Kwa hiyo mapaja yangu yamefika Butembo.

Niliporudi nikakuambia kahawa imekwenda kwa sababu jicho lilikuwa kwako peke yako. Nilidhani utatapika. Ukatabasamu! Ukasema, "Mali yote ile uani, na yeye akanichagua mimi." Kwa tabasamu lile ningekuzaba kofi, lakini mkono ulikuwa mzito. Nilikuwa nimeliona mahali, tabasamu lile. Lilikuwa langu.

Babu yako hukumkuta. Watu wamekuambia alikuwa mtu mwema, mkata chumvi wa Katwe, mwanamume aliyekuwa anafagia ua. Ni kweli, alifagia. Kila alipokwenda kwenye chumvi kulala huko, alishika ufagio mwenyewe, akafagia kutoka mlangoni mpaka kwenye ua wa miti, laini kama unga. Wanawake walikuja kutazama. "Masika, umepata! Wa kwangu hata sahani hainui." Nilitembea kifua mbele mwezi mzima.

Akarudi. Mzigo wa chumvi hajautua, akachuchumaa pale penye miti akaanza kusoma ardhi.

"Hiki kisigino ni cha nani?"

"Cha mama yako."

"Na hiki?"

"Cha muuza samaki."

"Muuza samaki alifuata nini mpaka hapa?"

Hapo nikaelewa ufagio ulikuwa wa nini. Alinipiga kwa mguu wa muuza samaki. Safari nyingine alinipiga kwa mguu wa padri. Mara nyingine hakukuta mguu wowote, akanipiga kwa hilo, akisema nimefuta.

Nikakimbia. Nilipanda mpaka Mahango, nyumbani kwa baba yangu, miguu inavuja damu. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, alikuwa mtu mtaratibu. Mama akanipa chakula. Baba akasema, "Mwanangu, unasema kweli. Lakini mbuzi tumewala." Ukimrudisha mke unarudisha mbuzi, na mbuzi wangu walikuwa wamekwisha kuwa mchuzi, mmoja harusini kwangu, wengine kwenye shida za watu. Hakuna aliyenitukana. Walinitandikia ngozi nilale, na nilipolala nikaijua ile ngozi: nyeupe, na doa jeusi begani. Alikuwa mbuzi wa mahari yangu. Nililala juu ya bei yangu mwenyewe. Kulipokucha kaka yangu akanishika mkono akaniteremsha, na mume wangu akatupokea vizuri sana, na ua ulikuwa umefagiwa.

Basi nikajifunza. Nilikanyaga ndani ya nyayo za mama mkwe, kidole kwa kidole. Nikajifunza kufagia kinyumenyume mpaka mlangoni, mkono wangu ukafanana na wake. Miaka ikapita, chumvi na uzee vikamla macho. Akawa kipofu. Sasa nikawa mimi ndiye ninayefagia. Kila asubuhi namwambia, "Leo kuna kiatu hapa. Kiatu cha mwanamume." Hakukuwa na kiatu chochote. Alishuka kwa magoti, akaipapasa ardhi kwa viganja mpaka kwenye miti, akinusa vumbi, na mimi nimesimama na kikombe changu cha chai, namtazama. Nilifanya hivyo mpaka alipokufa. Simwonei huruma hata leo. Ila nilizoea, Biira. Nilizoea utamu wa kumwona mtu asiyekuona. Ndiyo maana Kambale alipoleta boksi lake, kuna kitu ndani yangu kiliinuka kumpokea kama ndugu.

Sasa shika haya, kwa sababu nyumba yake nimeingia na nimeziona kamera zake: sebuleni, kwenye korido, jikoni juu ya jiko.

Kamera haioni chini yake yenyewe. Sikuambiwa na mtu, niliambiwa na huyu kuku. Tangu mwanzo, kabla ya mraba, Kambale alinitajia kila kuku aliyeliza simu yake isipokuwa huyu, maana hutaga hapa ukutani, chini kabisa, na jicho linatazama mbele. Katika kila chumba tafuta mahali pa kuku. Usiende pale kufanya jambo. Kaa tu, upumzishe uso. Mgongo huchoka, miguu huchoka, lakini kinachomuua mtu anayetazamwa ni uso, kuushikilia kutwa nzima kama mtungi.

Sikiliza mbu. Ikigeuka inalia kidogo, na ikilia ujue ameacha wateja wake dukani ili akutafute. Gizani tazama vidoa vyekundu, vimefifia kama makaa yaliyosahauliwa. Vikiwaka anaona, hata kama wewe huoni mkono wako. Usiifunike kwa kitambaa, itakushtaki. Ukilia, lia jikoni unapokata vitunguu. Na usidanganyike na habari ya kadi kujisahau. Kadi inafuta, mama yake Butembo hafuti.

Na siku moja atakupa hiyo simu. Atasema, "Shika, umtazame msichana wa kazi, naona sukari inapungua." Utajisikia umepanda cheo. Siku hiyo ndiyo utakuwa umeolewa kweli. Nilikwambia habari ya kikombe changu cha chai ili uikumbuke siku hiyo, si kwa sababu napenda kujieleza.

Utasema, kama unajua yote haya mbona unaniacha niende? Kwa sababu nimekupiga, nimekutukana, nimekufungia chumbani, na kila nilipofungua umetoka ukimpenda zaidi. Kamba haimfundishi mbuzi. Nenda.

Imebaki aibu ya wiki iliyopita. Watu walikuja kwenye sherehe yako wakala bundu na maharage. Zizi limejaa, harufu ya mbuzi iko mpaka barabarani, na wao wanatafuna maharage. Masereka akaja na kisu amekinoa.

"Mama, leo mbuzi wangu analiwa."

"Chinja mguu wako, una minofu."

"Mbuzi ni wa mjomba! Hata kwenye kaburi la dada yangu nitasema!"

"Sema. Huko watu wananyamaza, utasikika. Mbuzi wako atakula majani kwangu, na wewe utakuja kumwamkia."

Akaondoka akitema mate. Wanawake wa kanisani wakasema Masika amekuwa mchawi wa nyama. Nawe ukanijia jikoni ukilia, ukaniita mchoyo, ukasema nimekuvua nguo mbele ya wakwe. Nilikwambia funga mdomo ukoroge maharage. Sikueleza. Mtu akielezwa jambo mbele ya sufuria analimwaga.

Sasa sikia ya kesho. Mtaingia garini, mtapiga vigelegele, mimi sitatoka langoni. Wataguna, waache. Nitakuwa natafuta ngazi. Kambale akiuliza, kamera ni mbuzi wa bibi, alisema mwenyewe mbele ya wazee wa pande mbili. Na mbuzi wangu namfunga ninapotaka. Nitaigeuza iangalie zizi, niifunge shingo kwa kamba ya mgomba ili kidole chake kisiweze kuirudisha. Na ule mraba wake mwekundu hauendi na mlango. Utabaki katikati ya kioo, utawashika mbuzi. Na mbuzi, alisema mwenyewe, hawatulii.

Hamtafika njia panda ya Kikorongo kabla simu haijalia mfukoni mwake. Itamshtua, kwa mazoea atadhani ni mlango wako, atasahau kwamba umekaa kando yake. Ataitoa. Usimtazame yeye. Chungulia kioo.

Ataufuta huo mraba, najua, si mjinga kama wewe. Lakini wewe utakuwa umeshaona. Wote wako hai. Yule mweupe amenenepa mpaka anatembea kama askofu. Wa Masereka yupo. Beberu ameanza kunuka, nitamvumilia. Mimi na maharage yangu tutazoeana.

Barua hii isomee pale penye kuku, kisha iweke kwenye jiko.

Ukija, njoo mchana, kwa mlango wa mbele, usikanyage nyayo za mtu. Utalala kwenye mkeka. Ngozi ya kukutandikia sina, hata moja.

Mukaka wako,
Masika